Kijiji cha Bara Kilichoona Damu Ndani ya Sukari

(Hotuba iliyotolewa Kilwa Masoko tarehe 23 Agosti, Siku ya Kimataifa ya Kukumbuka Biashara ya Utumwa na Kukomeshwa Kwake, mbele ya walimu na wanafunzi wa historia)

Asalaam aleikum. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme habari za utumwa, na najua wengi mlitarajia nianzie Kivinje au Bagamoyo. Naomba mniwie radhi, maana leo nitaanzia mbali sana na hapa, kisha nitarudi Kilwa kwa njia yangu. Nitaanzia kwenye kijiji cha wakulima kilichoko mashariki ya Ufaransa. Kutoka hapo hadi pwani ya bahari yoyote ni mamia ya kilomita. Kinaitwa Champagney, nacho hutamkwa "Shampanye". Msikichanganye na Champagne, ile nchi ya mvinyo maarufu. Hiyo iko upande wa magharibi yake, na habari zake ni nyingine kabisa.

Nilikuwa Besançon nikijifunza Kifaransa niliposikia jina hilo mara ya kwanza. Mwalimu mmoja alipojua natoka Tanzania, tena Kilwa, aliniambia niende Champagney kabla sijarudi nyumbani. Sikumwelewa. Nikapanda treni hadi Belfort, nikabadilisha, na baada ya mwendo mfupi nikashuka kwenye kituo kidogo, asubuhi ya baridi, milima mbele yangu imefunikwa na misonobari hadi juu.

Milima hiyo ni Vosges. Si mirefu kama yetu. Ballon de Servance, ulio juu ya bonde lile, una mita 1,200 na kidogo tu, na kilele chake ni cha mviringo, kimesuguliwa na barafu ya zama za kale mpaka ncha zote zikaisha. Barafu hiyo ndiyo iliyoichonga nchi nzima ya pale. Iliacha mashimo na mabonde yasiyopitisha maji, na baadaye watawa na wakulima wakayageuza mabwawa ya kufugia samaki, kwa sababu siku za mfungo Wakristo wa zamani hawakula nyama. Mpaka leo uwanda ulio jirani unaitwa Mabwawa Elfu.

Kutoka mlimani unashuka mto Rahin. Unapita Plancher-les-Mines, unapita Champagney, unapita Ronchamp, kisha unaingia mto Ognon. Ognon unaingia Saône, Saône unaingia Rhône pale Lyon, na Rhône unamwaga maji yake katika Bahari ya Kati. Kwa hiyo maji ya Champagney yalifika baharini tangu enzi, ingawa watu wake walibaki bondeni, na jembe na ng'ombe wao.

Nisimalize habari za nchi yenyewe bila kutaja mwanya wa Belfort. Kusini ya Vosges kuna milima ya Jura, na kati ya safu hizo mbili pamebaki uwazi. Kila jeshi lililotaka kutoka upande wa mto Rhine kuingia Ufaransa, au kwenda huko, liliutazama uwazi huo kwa jicho la tamaa. Champagney iko mlangoni pake. Katika karne ya 17, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, nchi ya Franche-Comté, ambamo Champagney imo, ilichomwa na kuporwa mpaka vijiji vikabaki magofu. Mwaka 1678 Mfalme wa Hispania aliiachia Ufaransa nchi hiyo kwa mkataba wa Nijmegen. Wananchi hawakuulizwa. Walilala wakiwa watu wa mfalme mmoja, wakaamka wakiwa wa mwingine.

Lakini bwana wao wa karibu hakuwa mfalme. Alikuwa abasia ya Lure, yaani nyumba ya watawa iliyomiliki ardhi, misitu, mito na haki ya kutoza. Na hapa naomba wanafunzi mnisikilize vizuri. Katika Franche-Comté kulikuwa na sheria iitwayo "mkono mfu". Chini ya sheria hiyo, mkulima akifa bila mtoto wa kuishi naye nyumba moja, mali yake hairithiwi na ndugu zake, inachukuliwa na bwana wa ardhi. Mkono wa marehemu umekufa, hauwezi kumpa mtu kitu. Sehemu nyingi za Ufaransa sheria hiyo ilikuwa imesahaulika. Huko mashariki ilidumu. Mwaka 1779 Mfalme Louis wa 16 aliifuta katika ardhi zake mwenyewe, akawasihi mabwana wengine wamfuate. Wengi hawakumfuata.

Sisemi kwamba huo ulikuwa utumwa kama wa mtu aliyetiwa mnyororo shingoni. Mwenye kulinganisha hivyo atakuwa amewadhulumu waliofungwa minyororo. Nasema tu kwamba watu wa nchi ile walijua maana ya kuhesabiwa pamoja na ardhi. Walijua jinsi moyo wa mtu unavyokuwa anapolima shamba asilolijua litakuwa la nani kesho.

Sasa tuje mwaka 1789. Mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa mabaya. Mvua ya mawe ya Julai 1788 iliharibu nafaka katika majimbo mengi, na baridi iliyofuata iligandisha mito. Mkate ulipanda bei. Hazina ya mfalme ilikuwa tupu. Ndipo akaitisha mkutano mkuu wa taifa, na kila kijiji, hata kile kidogo kabisa, kikaambiwa kiandike malalamiko yake katika daftari. Yaliandikwa madaftari makumi ya maelfu. Ukiyasoma unaona mambo ambayo mkulima yeyote wa Lindi au Mtwara angeyaelewa: kodi ni nyingi, chumvi ni ghali, wanyama wa bwana wanakula mazao yetu, tunakatazwa kuni katika msitu ambao babu zetu walikata kuni.

Wakazi wa Champagney walikutana tarehe 19 Machi 1789. Nao waliandika malalamiko yao, moja baada ya jingine. Walipofika kifungu cha 29 wakaacha habari za kuni na kodi. Wakaandika juu ya watu weusi wa makoloni.

Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na nimejaribu kukitia katika Kiswahili chetu. Kinaanza hivi: wakazi na jumuiya ya Champagney hawawezi kufikiria mateso wanayoyapata watu weusi katika makoloni bila mioyo yao kuchomwa na uchungu mkali kabisa, wanapowaona akilini mwao wenzao wakitendewa kwa ukali kuliko wanyama wa mizigo.

Wenzao. Neno lililoandikwa kwa Kifaransa ni "semblables", maana yake watu wanaofanana nasi, walio kama sisi. Nilihangaika nalo. Ningeweza kusema "binadamu wengine", lakini hilo ni neno la mbali, la mtu anayetazama kwa dirishani. Sisi tuna neno "mwenzangu". Ukimwita mtu mwenzangu, umekubali kwamba lililompata yeye lingeweza kukupata wewe. Naamini hilo ndilo walilokusudia, maana wanaendelea kusema kwamba watu hao wameunganishwa nao pia kwa kifungo cha dini.

Kisha wanasema jambo la pili. Wanasema hawawezi kuamini kwamba mtu angeweza kutumia mazao ya makoloni hayo kama angetafakari kwamba yamenyweshewa damu ya wenzake. Mazao hayo ni nini? Sukari, kahawa, pamba, nili ya kutilia rangi. Wao walikuwa wakulima. Walijua kila mmea unanyweshewa kitu, ama mvua, ama maji ya mfereji. Wakauliza mmea huu umenyweshewa nini.

Na jambo la tatu ndilo linalonitetemesha kila nikilisoma. Wanasema wanaogopa, tena kwa haki, kwamba vizazi vijavyo, vyenye nuru na hekima zaidi, vitawashitaki Wafaransa wa karne hiyo kuwa walikuwa wala watu.

Wala watu! Wazee wangu, pwani nzima tumelelewa na hadithi za mumiani. Na inajulikana kwamba watu wengi waliotekwa Afrika na kupakiwa katika meli za Wazungu waliamini wanapelekwa kuliwa, kwa sababu hawakuona maelezo mengine: walionunuliwa hawarudi, na meli inakuja tena kutaka wengine. Wasomi walicheka wakasema huo ni ujinga wa washenzi. Kumbe wakulima wa Champagney, bila kumsikia mateka hata mmoja, walifika palepale walipofika mateka. Waliona mtu anaingia upande mmoja, na sukari inatoka upande wa pili.

Mtaniuliza: wakulima wa mlimani walijuaje mambo haya? Anatajwa mzaliwa wa kijiji hicho, Jacques-Antoine Priqueler, aliyekuwa askari katika walinzi wa mfalme. Huko mjini fikra za kupinga utumwa zilikuwa zimeanza kusemwa. Chama cha Marafiki wa Watu Weusi kiliundwa Paris mwezi Februari 1788. Na pale kijijini wanasimulia kwamba Priqueler aliporudi likizo aliwaonyesha watu mchoro uliokuwa kanisani kwao, wa mamajusi watatu wanaomsujudia mtoto Yesu, mmoja wao akiwa mfalme mweusi, Balthazar. Akawaambia, watu wanaouzwa katika makoloni ni wa rangi ya huyu mnayempigia magoti kando yake kila Jumapili.

Nimeingia katika kanisa hilo. Ni la Mtakatifu Laurent, mnara wake una kuba ya mtindo wa Franche-Comté, kama kengele kubwa iliyofunikwa. Ndani ni kimya na baridi. Nilisimama mbele ya mchoro ule muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga maua alinitazama, akautazama mchoro, akanitazama tena, akatabasamu. Hakusema neno, nami sikusema. Kama hadithi ya Priqueler ni kweli neno kwa neno au imeongezwa chumvi kidogo na wasimuliaji, mimi naiamini katika jambo moja: watu wale walihitaji sura. Walikuwa na sura moja tu ya mtu mweusi katika maisha yao yote, na ilikuwa sura ya mfalme.

Sasa turudi nyumbani.

Tarehe 14 Septemba 1776, yaani miaka 12 na nusu tu kabla ya daftari la Champagney, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alikaa na Sultani wa Kilwa, hapo ng'ambo, Kisiwani, wakaandikiana mkataba. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20, yaani sarafu 20 za fedha, kila kichwa. Mkataba uliandikwa kuwa ni wa miaka 100. Watumwa hao walikuwa wa kupelekwa Île de France, tunayoiita leo Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Visiwa hivyo vilikuwa vya mfalme yuleyule ambaye wakulima wa Champagney walimwandikia. Watumwa walipolima ardhi kule visiwani, na watu wakanywa kahawa ya Bourbon mezani kule Paris, damu iliyoinywesha kahawa hiyo ilikuwa imepita mlango wetu.

Mkataba haukutimia miaka 100. Morice alikufa mapema, na mwaka 1784 na 1785 Waomani walirudisha mamlaka yao Kilwa. Lakini meli za Kifaransa ziliendelea kuja. Watu walioshushwa ufukweni hapa walitoka bara, wengine mbali hadi upande wa Ziwa Nyasa, wakiletwa katika misafara iliyobeba pia pembe za ndovu. Yamkini siku ileile wakulima walipokutana Champagney, mwezi Machi, kulikuwa na watu wamefungwa mahali fulani katika ufuko huu wakingoja.

Nimeambiwa mara kadhaa, "Mwalimu, usiseme sana habari ya Sultani, utawapa Wazungu nafasi ya kukwepa." Siwezi kukubali. Mkataba una pande mbili. Mfaransa alikuja na piasta, na mtu wetu alizipokea akazihesabu. Kule bondeni, watu waliokuwa na njaa, wasiopata faida wala hasara kwa kufunguliwa kwa mtumwa hata mmoja, waliliona jambo ambalo hapa, mbele ya macho yetu, mwenye mamlaka aliliona akaliita biashara. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Wala sitaki mwende nyumbani na picha ya malaika. Kifungu cha 29 kina mipaka yake. Kinapofika mwisho hakisemi "wafunguliwe leo". Kinamwomba mfalme, kwa unyenyekevu mkubwa, atafute njia za kuwafanya watumwa hao wawe raia wenye manufaa kwa ufalme na kwa nchi. Ni ombi la tahadhari. Tena kile kifungo cha dini walichokitaja kinanisumbua: Mmakua au Mngindo aliyeuzwa Kilwa hakuwa Mkristo. Je, wangemwita mwenzao? Nadhani wangemwita, kwa sababu uchungu wao umeandikwa kabla ya dini kutajwa.

Yaliyofuata mnayajua kwa sehemu. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 mkutano wa taifa ulianza kuzifuta haki za mabwana, na mkono mfu ukafa nao. Utumwa ulifutwa katika makoloni tarehe 4 Februari 1794. Lakini huku kwetu, kwenye Bahari ya Hindi, sheria hiyo haikutumika kamwe: mwaka 1796 wajumbe wa serikali walipofika Île de France kuitangaza, walowezi waliwafukuza kisiwani. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kwa sheria. Na mtu aliyewaongoza watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo leo ni Haiti, kupigania uhuru wao, Toussaint Louverture, alikamatwa kwa hila akaletwa katika ngome ya Joux, katika nchi hiyohiyo ya Franche-Comté, akafa humo kwa baridi na maradhi tarehe 7 Aprili 1803. Ilichukua mpaka tarehe 27 Aprili 1848 kuufuta utumwa wa Wafaransa moja kwa moja, na Réunion walitangaziwa Desemba 20 mwaka huo. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873.

Champagney yenyewe iliendelea na maisha yake. Makaa ya mawe yalikuwa yakichimbwa katika bonde hilo tangu karne ya 18, na watu wengi wakawa wachimbaji mpaka migodi ya Ronchamp ilipofungwa mwaka 1958. Baada ya Wajerumani kuichukua Alsace, jimbo la jirani upande wa mashariki, mwaka 1871, Ufaransa ilianza kuchimba mfereji mpya wa meli za mizigo, na Champagney ikajengewa bwawa kubwa la kuulisha maji. Mfereji haukukamilika, bwawa lipo, watu wanatembea kandokando yake jioni. Vita vilirudi tena, na katika miezi ya mwisho ya 1944 bonde lilipigwa mizinga vibaya sana. Kijiji kilikombolewa Novemba. Katika divisheni ya Wafaransa Huru iliyopigana upande huo walikuwamo askari wa Kiafrika, waliotoka Chad, Kameruni na Ubangi-Shari, wakapigana tangu jangwani hadi kufika Ufaransa. Na majira hayohayo, baridi ilipoanza, wengi waliondolewa mstari wa mbele, sare zao wakapewa vijana wa Kifaransa. Linaniuma kwamba ilikuwa katika nchi ileile ya kifungu cha 29.

(Na kwa vijana wapenda baiskeli: mlima wa La Planche des Belles Filles, ambao mashindano ya Tour de France huupanda, uko juu ya bonde hilohilo. Aliyeshinda hapo mara ya kwanza ulipopandwa, Julai 2012, ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi.)

Daftari la 1789 lilikaa kimya kwenye nyaraka kwa muda mrefu sana. Mwaka 1971 mwanakijiji aitwaye René Simonin aliamua kwamba kifungu kile kisibaki karatasini, akaanzisha nyumba ya kumbukumbu, ambayo leo inaitwa Nyumba ya Weusi na Haki za Binadamu. Léopold Sédar Senghor, rais wa Senegal wakati huo, alikubali kuwa mlezi wake. Sasa nyumba hiyo ni kituo kimoja katika njia ya kumbukumbu inayoiunganisha na ngome ya Joux alikofia Toussaint na mahali pengine mashariki ya Ufaransa. Kijiji chenyewe hakifiki watu 4,000. Kina shule, duka la mikate, kituo cha treni, na kifungu kimoja.

Nilipotoka kwenye nyumba hiyo nilimwambia mhudumu kwamba natoka Kilwa. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kilwa ya Morice?" Nikamjibu ndiyo, Kilwa ya Morice. Akatoka nyuma ya meza akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona aibu na fahari kwa pamoja, na mpaka leo sijui ipi ilizidi.

Wanafunzi, kesho asubuhi tunavuka kwenda Kisiwani. Boti itatusubiri gatini saa mbili kamili. Njooni na maji ya kunywa na kofia. Tutapita Gereza, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa kama mlivyozoea. Kisha tutarudi ufukweni, pale majahazi yanapotia nanga, na nimeandaa kifungu cha 29 chote kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Nataka mmoja wenu akisome kwa sauti, ameyaelekea maji. Anayetaka anipe jina lake kabla hatujatawanyika.